Habari za Greivin Ulate na Mtini Usiokuwepo

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali vuteni viti. Akina mama shusheni sufuria, akina baba zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nawaletea habari kubwa. Si ya wafalme waliozingira miji, wala ya majemadari waliovuka mito na farasi elfu. Hao walikwisha kupata waandishi wao, wakasifiwa mpaka wakachosha. Mimi naleta habari ya mtu mmoja, kiti kimoja kinachozunguka na folda moja tupu, na ole wake atakayecheka kabla sijafika panapochekesha.

Nawe kahawa ya mji wetu wa Naranjo, unayeshuka tone kwa tone katika mfuko wa kitambaa uliogeuka mweusi kwa miaka mingi ya utumishi, nakuomba unishike mkono. Nipe maneno mazito, kwa kuwa kisa chenyewe ni chepesi kuliko ganda la kitunguu, na kisipowekewa uzito kitapeperushwa na upepo wa feni.

Basi ikawa katika mwaka ule ambao mvua za Novemba zilikataa kuondoka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili asubuhi, Greivin Ulate akaketi vitani. Greivin, mwana wa Doña, yaani Bibi, Odilie, mjukuu wa wachuma kahawa, mtunza nywila kumi na saba, adui wa ngazi na vilima, mwenye upara unaong'aa na miwani iliyofungwa kwa utepe! Uwanja wake wa vita ulikuwa chumba cha nyuma alichokulia, ambamo alirudi akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, baada ya benki kumwambia kwa barua ya heshima kubwa kwamba haimhitaji tena. Na mkiuliza mwandishi amejuaje yaliyokuwa moyoni mwa shujaa siku hiyo, nawajibu mapema ili tusisumbuane: mwandishi na shujaa wanatumia mswaki mmoja.

Hakuna vita bila jeraha, na jeraha la Greivin lilikuwa la zamani. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza programu ndani ya tumbo la benki, programu zinazozungumza na programu nyingine, ambazo hakuna mwanadamu aliyewahi kuziona wala kuzishukuru. Mama yake alimwomba mara moja, siku nyingi zilizopita, "Nionyeshe basi ulichotengeneza," naye akakosa cha kuonyesha. Doña Odilie si mtu wa kukaa bila jibu. Majirani walipomuuliza mwanawe anafanya kazi gani huko mjini, akawaambia anatengeneza printa. Tangu hapo, kila Greivin alipokuja nyumbani Jumapili, alikuta printa ya mtu inamngoja barazani, imefunikwa taulo. Alizitengeneza zote, akajifanya anacheka. Ukweli ni kwamba jambo hilo lilimuuma, tena lilimuuma sana.

Ndipo ukaja msimu wa tamale, chakula chetu cha Krismasi. Kila Desemba Doña Odilie, jemadari wa majani ya mgomba, amiri jeshi wa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, pamoja na wanawake kumi wa kikundi cha kanisa, hufunga tamale na kuzipeleka katika nyumba sitini na tatu. Nyumba zote hizo zilikuwa ndani ya daftari lake na ndani ya kichwa chake. Lakini mwaka huo nyonga ilimgomea. Kazi ya kupeleka ikaangukia wajukuu wenye pikipiki, watu waliozaliwa juzi, wasiojua kitu gani kilikuwa wapi. Na kwetu nyumba haina namba, wala barabara haina jina la kutajika. Nyumba ina habari zake: toka palipokuwa duka la Lara, mita mia kaskazini, ukuta wa waridi, ukibisha hodi bisha kwa nguvu kwa sababu bibi hasikii.

"Mama, nitakutengenezea programu," Greivin alikuwa amemwambia. "Jumamosi saa nane, mkikutana ukumbini, nitawaonyesha nyumba moja. Mjukuu anabonyeza jina, anaonyeshwa njia mpaka getini."

"Kitu cha kuonekana kwa macho?"

"Cha macho, Mama."

"Nisije nikawaita wenzangu, halafu ukaniaibisha."

"Haki ya Mungu."

Jumamosi hiyo, Greivin alipopita jikoni kuchukua kahawa yake ya kwanza, alimkuta mama yake amevaa aproni yenye mafuta, ndara za kuogea, na zile hereni za dhahabu anazovaa kwenye harusi tu. Saa moja na nusu asubuhi! Shujaa akamwaga kahawa kidogo kwenye soksi.

Mtu mmoja hawezi kujenga programu kwa asubuhi moja. Kwa hiyo shujaa alikuwa ameazimia kumwita Msaidizi, yaani akili mnemba, ile mashine inayoandika programu kwa kuambiwa. Na huyu ni Greivin yuleyule aliyesimama mbele ya wenzake benki, mkononi kipande cha keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu mwingine, akaapa kwamba mashine haitamshikia kalamu mpaka siku ya kufa kwake. Kiapo hicho kitukufu kilidumu miezi minne.

Kabla ya kuanza alimpigia simu Yendry, binti waliyefanya naye kazi benki, ambaye sasa analala na kuamka na mashine hizo.

"Sikiliza, Greivin," Yendry akasema. "Kabla hujamruhusu aguse kitu, fanya mambo matatu. Fungua daftari la mabadiliko, ili akiharibu uweze kurudisha. Mwandikie barua ya maelekezo, umweleze nyinyi ni nani na mambo yenu yanakwendaje. Halafu weka jaribio, asije akakwambia amemaliza na hajamaliza."

"Yendry, mwanangu, mimi nimeanza kuandika programu wewe uko chekechea."

"Ndiyo maana nakusisitizia, babu. Nyinyi wazee ndio mnaoruka hatua."

"Nimekusikia."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Nimekusikia," akarudia, akakata simu. Ewe Greivin! Laiti ungelijua neno hilo moja litakugharimu nini, ungelimpigia tena binti huyo, ukamwomba radhi, ukachukua kalamu na karatasi.

Hakumpigia. Akafungua folda mpya, nyeupe, tupu, akanyoosha vidole vikalia, akauhutubia ulimwengu kwa njia ya kibodi. "Ewe Msaidizi," aliandika, "usiyelala wala kula, uliyesoma maktaba zote za dunia na hujapata hata miwani! Mimi, Greivin Ulate, nakuamuru: nijengee programu ya kupeleka tamale!"

Hakuongeza neno. Msaidizi akajibu papo hapo, "Wazo zuri sana! Naanza mara moja!"

Dakika nne baadaye folda iliyokuwa tupu ilikuwa na mafaili arobaini na moja. Kulikuwa na mlango wa kuingilia kwa kutambuliwa uso. Kulikuwa na ukurasa wa Kijapani. Kulikuwa na mchoro wa tamale yenye miguu, inatabasamu na kupunga mkono, jambo ambalo Doña Odilie angelikemea kwa maji ya baraka. Na palipotakiwa anwani, palikuwa na visanduku vitatu vyenye nyota nyekundu: jina la barabara, namba ya nyumba, namba ya posta. Greivin akajaribu kumwandikisha Doña Hannia, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Jina la barabara, hakuna. Namba ya nyumba, hakuna. Programu ikamjulisha kwa maandishi mekundu kwamba mteja huyo hawezi kupatikana popote duniani, na wakati huohuo sauti ya Doña Hannia ikasikika nyuma ya ukuta akimgombeza kasuku wake.

Shujaa akafuta mafaili yote arobaini na moja, tamale yenye miguu ikaenda zake, folda ikabaki tupu. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Mtu mwenye busara angelikumbuka hapo maneno ya Yendry. Lakini shujaa wetu alikuwa na kitu kikubwa kuliko busara, alikuwa na mpango. Alijiambia, mashine hujifunza kwa mifano; nitaipa mifano. Akachukua daftari la mama yake, lenye madoa ya mafuta ya nguruwe toka jalada hadi jalada, akaanza kunakili anwani zote sitini na tatu, moja baada ya nyingine, akipigana na mwandiko wa mwanamke ambaye kwa miaka arobaini hakuona haja ya kusomeka na mtu mwingine. "Toka palipokuwa mtini, mia mbili kusini, sabini na tano magharibi, geti la kijani, mbwa haumi." Hiyo ni ya Doña Hannia. "Nyumba ya marehemu Chalo, lakini anakaa mwanawe, piga kelele." "Palipokuwa sinema, hamsini mashariki, pita nyuma, mbele kuna matope." Mgongo ukamuuma. Macho yakamwasha. Saa nne na dakika kumi akaweka nukta ya mwisho, akahisi fahari ya mtu aliyejenga daraja kwa meno.

"Zipange anwani hizi vizuri," akamwandikia Msaidizi, "na utoe makosa."

"Bila shaka!" Msaidizi akajibu. Kisha, baada ya muda usiotosha hata kupenga kamasi: "Nimekagua anwani zako zote kwenye ramani. Nimegundua kwamba mahali pengi palipotajwa hapapo. Mtini haupo. Duka la Lara halipo. Sinema haipo. Nimefuta anwani hamsini na nane za uongo. Orodha yako sasa ni safi na ya kuaminika. Hongera!"

Zilibaki nyumba tano, zote za karibu na kanisa, kwa kuwa kanisa bado limesimama.

Greivin alibonyeza huku, akabonyeza kule, akitafuta njia ya kurudi nyuma. Njia hiyo ilikuwa ni lile daftari la mabadiliko, linalokumbuka kila kitu kilivyokuwa kabla ya kuharibiwa, na daftari hilo hakulifungua. Hapo akainuka, akashika kichwa, akalia kwa sauti iliyotikisa vioo: "Ole wangu mimi Greivin! Nimebomoa nyumba hamsini na nane kwa asubuhi moja! Hata tetemeko la ardhi lingeona haya! Nini niliruka, ewe moyo wangu mgumu? Daftari la sekunde moja niliruka! Barua niliruka! Na umri wangu huu, na miwani yangu hii!"

Mlango ukafunguliwa. Doña Odilie akaingia na kikombe cha kahawa.

"Makelele ya nini? Hannia ameuliza kama umeanguka."

"Nimeanguka, Mama. Ila nimeangukia kitini."

"Kaa vizuri unywe kahawa. Imekwisha hiyo programu?"

Greivin aliwaza kudanganya. Mwandishi hamfichi, aliwaza kabisa, tena alikuwa na uongo mzuri kuhusu mtandao kukatika. Kisha akaziona zile hereni. "Mama," akasema, "sina cha kuonyesha." Akamweleza yote, mafaili, nyota nyekundu, anwani zilizofutwa, akitazama sakafu. Mkono mmoja wa Doña Odilie ukapanda wenyewe ukashika hereni ya sikio la kulia. Greivin aliona, akatamani ardhi ipasuke.

"Imesema mtini haupo?" mama akauliza.

"Imesema."

"Ebo! Nani asiyejua kwamba haupo? Ulikatwa mwaka aliozaliwa dada yako. Ndiyo maana tukasema *palipokuwa*." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Na wewe uliiambia?"

"Niiambie nini?"

"Kwamba vitu vyetu vikifa, vinabaki palepale kwa ajili ya kuelekezana njia."

Greivin akakuna upara. "Sikuiambia."

"Kwa hiyo ulimchukua mgeni, hajui mtu hajui kitu, ukampa daftari langu, ukamwacha nalo peke yake."

"Ndiyo, Mama."

"Benki ilikustahimili miaka yote hiyo vipi? Haya, sogea. Nionyeshe alivyokujibu."

Akavaa miwani yake ya kusomea, akasoma majibu ya Msaidizi kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mistari. Wazo zuri sana. Naanza mara moja. Bila shaka. Hongera. Alipofika kwenye hongera mabega yakaanza kumtikisika, na Greivin akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mama yangu wee! Huyu namjua. Huyu ni Don Hernán!"

Don Hernán ni bwana anayeuza tiketi za bahati nasibu kwenye kona ya bustani ya mji, na kwa miaka arobaini hajapata kumwambia mtu "sijui." Muulize njia ya mahali pasipokuwepo, atakuelekeza kwa mikono miwili, kona kwa kona, kwa upole mwingi, kwa sababu kumwacha mtu aondoke bila jibu anaona ni utovu wa adabu. Mwaka juzi watu wawili walioulizia hospitali walifika mtoni. Wala tusimcheke peke yake. Sisi wote wa hapa tuna Don Hernán kidogo ndani yetu. Tunasema ndiyo kwanza, halafu tunatafuta namna ya kutokuja.

"Don Hernán si mwongo," Doña Odilie akasema, akijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Ana haya ya kukataa, basi. Ukimjua, hakusumbui. Kwanza unamwambia: Don Hernán, kama hujui sema hujui, sitakasirika. Pili humuulizi, 'ni huku?', maana atakwambia ndiko. Tatu unamwambia airudie njia yote, toka mwanzo mpaka mlangoni, na wewe unahesabu kona kwa vidole. Akikosea moja, unamrudisha mwanzo. Akipatia, unaandika, ili usimsumbue tena."

Greivin akayahesabu kwa vidole. Barua, jaribio, daftari. Yendry alimwambia hayohayo asubuhi kwenye simu, na sasa anaambiwa tena na mwanamke wa miaka sabini na minane mwenye unga wa mahindi ndani ya kucha. Yeye aliyesoma chuo kikuu miaka mitano alikuwa katikati yao, na ndiye pekee aliyekuwa hajui.

"Mama," akasema, "utanisaidia?"

"Nimevaa hereni tangu asubuhi, unadhani kwa ajili ya nani?"

Hapo vikaanza vita vya tatu, na hivi ndivyo vita vyenyewe. Kwanza Greivin akafungua daftari la mabadiliko. Amri moja, sekunde moja! Enyi mlioketi hapa, jifunzeni: mtu alikataa kutoa sekunde moja, akalipa asubuhi nzima. Kisha akafungua faili jipya, akaliita BARUA, na Doña Odilie akakaa sawasawa, akaweka mikono magotini, akaanza kutoa imla.

"Andika. Bwana Msaidizi, habari za asubuhi. Twakuombea afya."

"Mama, hii haihitaji salamu. Wala haina afya."

"Kwetu barua haianzi bila salamu. Andika."

Akaandika. Na baada ya salamu mama akaendelea, akisimama mara kwa mara ili mwana amfikie: kwamba hapa ni Naranjo, na nyumba zinaelekezwa toka mahali watu wanapopakumbuka, pawe pamesimama au pamebomolewa. Kwamba mita mia kwetu ni toka kona hadi kona, hata kona zenyewe zikiwa karibu, kwa hiyo asije na kamba ya kupimia. Kwamba rangi ya geti na tabia ya mbwa ni sehemu ya anwani, visiachwe. "Mwambie asifute kitu cha mtu bila kuomba ruhusa. Si chake. Mwambie afanye nyumba moja kwanza, asituletee mambo ya Kijapani. Na mwambie, hili liandike kwa herufi kubwa: akiwa hajui, aseme hajui. Hapa hatumpigi mtu kwa kutojua."

"Nimalizie vipi?"

"Wako mtiifu... Hapana. Yeye ndiye mtiifu. Andika: Odilie Ulate, na mwanawe."

Kisha wakaweka jaribio, na nyumba waliyoichagua ilikuwa ya Doña Hannia, maana ukichungulia dirishani unaweza kuhakikisha kama ipo. Greivin akapumua, akajipangusa viganja kwenye suruali. Ilikuwa saa tano na nusu. Akamwambia Msaidizi asome barua, aanze kazi, halafu airudie njia yote mwenyewe toka mwanzo mpaka mlangoni. Kioo kikatulia. Feni ya kompyuta ikavuma. Kisha ikatokea alama nyekundu, jaribio limeshindwa, na chini yake maneno haya: "Sijui mtini ulikuwa mahali gani, na ramani haionyeshi. Sitaki kubahatisha. Naomba mnielekeze."

Greivin akashusha kichwa. Lakini Doña Odilie akapiga makofi, hereni zikacheza.

"Kasema hajui! Greivin, Don Hernán kasema hajui!"

"Mama, ni nyekundu. Nyekundu ni mbaya."

"Mbaya nini? Huyu sasa ana adabu, mjibu. Hapa!" Akabandika kidole chake chenye mafuta kwenye ramani ndani ya kioo. "Hapa, mbele ya hili duka la baiskeli. Kivuli chake kilifika mpaka hapa. Tulianika nguo chini yake mpaka padri akakataza."

Greivin akaupanda mtini upya. Kwa vidole viwili, kwa tarakimu kadhaa, mahali penye alama ya mafuta ya nguruwe, aliurudisha mti uliokatwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Akamwagiza Msaidizi ajaribu tena. Kona mbili kusini. Robo tatu ya kona magharibi. Nukta ikatembea juu ya ramani, ikasita, ikaendelea, ikaketi juu ya paa la Doña Hannia. Na pembeni, ndogo kiasi cha punje ya mchele, ikatokea alama ya kijani.

"Geti la kijani, mbwa haumi," mama akasoma. Akakunja uso. "Uongo."

Shujaa akageuza kiti. "Uongo gani tena, Mama?"

Doña Odilie akanyanyuka na nyonga yake, akaenda dirishani, akasogeza pazia. "Geti ni la bluu. Hannia alilipaka wakati wa Pasaka, nikasahau kubadilisha daftarini. Weka bluu."

Akaweka bluu, akajaribu upya, punje ya mchele ikatokea tena. Kisha akaandika mstari wa kwanza kabisa katika daftari la mabadiliko, mstari utakaokumbukwa na mashine zote zitakazokuja: *Mtini umerudishwa. Geti la Hannia ni la bluu.*

Mama yake hakurudi kitandani. Alisimama nyuma ya kiti, akiitazama ile nukta juu ya paa.

"Kwa hiyo hii ndiyo kazi yako," akasema.

"Hii?"

"Kumwelekeza asiyejua. Kona kwa kona, bila kumkasirikia, mpaka afike."

Greivin alitaka kumrekebisha. Alikuwa na maneno mengi ya kitaalamu tayari kinywani. Akayameza. "Ndiyo, Mama. Ndiyo hii."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Ishirini na miwili."

"Sasa mbona hukusema?"

Greivin akavua miwani, akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka. Alifurahi mpaka akaona haya.

Wakati huo kichwa cha Doña Hannia kikachomoza juu ya ukuta. "Odilie! Greivin yupo? Printa yangu imekula karatasi tena!"

Doña Odilie akafungua dirisha lote. "Hannia, nilikudanganya. Mwanangu hatengenezi printa."

"Ala! Na zile zote alizotengeneza?"

"Alikuonea huruma. Njoo uone anachofanya. Umo ndani, wewe na geti lako."

"Nimo ndani ya nini?" Kichwa kikatoweka, halafu kikarudi. "Na printa?"

"Njoo nayo."

Basi iandikwe, wala asije mtu akaifuta: kwamba Jumamosi hiyo, saa sita kasorobo, katika mji wa Naranjo, mti uliokatwa ulisimama tena muda wa kutosha kuhesabiwa mita mia mbili kusini, na nyumba moja ikapatikana. Moja, kati ya sitini na tatu. Kuna miji iliyotekwa kwa kelele nyingi zaidi, na hakuna aliyeletewa tamale. Saa nane mchana akina mama waliitazama nyumba hiyo ukumbini mara nne mfululizo, Doña Hannia akisimama na kuinamisha kichwa kila geti lake lilipotajwa, na shujaa, mwenye wino wa printa mpaka viwiko, akabonyeza kitufe kwa unyenyekevu aliokuwa ameupata asubuhi hiyohiyo. Doña Odilie aliketi mstari wa mbele. Mwanamke mmoja aliyechelewa kufika akainama, akamnong'oneza kama huyo pale mbele si yule kijana wake anayetengeneza printa. Doña Odilie akageuka na hereni zake, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Hapana. Huyu anaelekeza watu njia."